Ukuta wa Mashariki

Jumamosi, 22 Mei 1976

Daftari hili lilibaki moja kwenye katoni ya shule, na wanafunzi wa Darasa la Nne ni thelathini na wanane. Badala ya kuwaanzishia vita nimelichukua mwenyewe.

Naanza na jambo kubwa. Leo wazee wa pande mbili wamekubaliana tarehe ya harusi yangu: Jumamosi, 14 Agosti, mavuno yakishaingia ndani. Mwanamume ni Enoka, fundi wa malori ya Bwana Seleman kule Tunduma. Ni mpole, ananisikiliza, mikono yake haitoki grisi hata aisugue kwa majivu. Ana kasoro moja tu, nayo ni shangazi yake.

Shangazi Marita ndiye aliyemlea, na anataka sherehe ifanyike kwake Tunduma. Mimi nimesema itafanyika Njiapanda, kwenye ukumbi wa vijiji vinne, mwendo wa saa moja kutoka hapa Nalwinga. Sababu yangu ina miaka themanini na kifua kibovu. Bibi Nambeye, mama wa mama yangu, amenilea tangu nikiwa na miaka mitatu. Mwaka juzi tulipohamishiwa kijijini walimpandisha lori pamoja na vyungu vyake, akakohoa wiki tatu, akaapa kwamba hatapanda gari tena. Njiapanda anaweza kufika kwa kusukumwa taratibu kwenye baiskeli. Tunduma hafiki. Na uwanja wetu, tangu tupangwe kwa mistari, hautoshi hata kuanikia ulezi, sembuse wageni wa vijiji vinne na ndugu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Harusi asiyokuwepo Bibi mimi siihesabu.

Shangazi Marita amekubali kwa sharti moja: auone ukumbi kwanza. Ukimridhisha, Njiapanda. Usipomridhisha, Tunduma. Nimesema sawa mbele ya wazee wote bila hata kumeza mate. Ukumbi ule naupita kila nikienda mjini: mlango wa mbao wa pande mbili, madirisha sita, mabati yanang'aa, UHURU NA KAZI kwa rangi nyekundu. Atakosa la kusema.

Jumatatu, 24 Mei

Kuvuna mahindi ya shamba la ujamaa. Mikono inawasha.

Alhamisi, 27 Mei

Elimu ya watu wazima leo alasiri, wamekuja ishirini na mbili. Darasa langu ni la matofali ya kuchoma, hakuna kijiji hapa karibu chenye darasa la watu wazima kama hili, na nalisema kila nikipata nafasi.

Bibi amekaa mlangoni kama kawaida. Mwaka wa pili huu anakuja, anavuta ugoro, hashiki chaki. Nimempelekea ubao mdogo mapajani, akausukuma.

"Mimi nimekuja kuota joto la watu," akasema. "Jina langu wanalijua wote. Nikaliandike ili iweje?"

Watu wakacheka. Nimekata tamaa naye kwa upande huo, ni mwanafunzi pekee aliyenishinda.

Jumapili, 30 Mei

Upepo wa kipupwe umeanza, unatoka mashariki, unakata. Bibi amekohoa asubuhi nzima.

Jumamosi, 5 Juni

Leo naandika kwa hasira.

Shangazi Marita alifika Njiapanda saa nne na lori la Bwana Seleman, Enoka akiwa nyuma juu ya magunia matupu. Kitenge kipya, viatu vya kufunga, mwavuli mkononi wakati mbinguni hakuna hata wingu. Mimi nilikuwa nimewatangulia, nimesimama mbele ya mlango wa ukumbi nimejishika kiuno kama niliujenga peke yangu.

Akaupapasa mlango, akaugonga kwa vidole. "Mninga huu."

"Mninga mtupu, Shangazi."

Akahesabu madirisha. Akatingisha kichwa taratibu. Nikaanza kufikiria mahali pa kuweka keki.

Mlango ulikuwa na kufuli kubwa la shaba. Mzee Danford, mwenyekiti wa Njiapanda na mtunza ukumbi, akaenda kutafuta ufunguo. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye upindo wa kanga ya mkewe, na mkewe alikuwa mtoni. Tukangoja nusu saa nzima. Aliporudi akafungua kwa heshima zote, akasukuma mbao zote mbili, akasimama pembeni ili tupite.

Tukaingia, upepo ukatupokea usoni. Upande wa pili hapakuwa na ukuta. Palikuwa na nguzo tano za miti zilizoshika paa, na baada ya nguzo shamba la ulezi la mtu, na baada ya ulezi, milima. Ng'ombe wawili walikuwa wamelala katikati ya ukumbi wanacheua. Mmoja alitutazama kama sisi ndio tuliokosea nyumba.

Shangazi Marita akafungua mwavuli kujikinga, upepo ukaupindua ndani nje. Akaukunja pole pole, kijiti kimoja kimoja.

"Mzee," akauliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, "hili kufuli ni la nini?"

"Mali ya umma, mama. Lazima ilindwe."

"Na ukuta?"

"Ukuta upo kwenye mpango." Mzee Danford akakohoa. "Kila kijiji kilipewa upande wake. Sisi tulijenga huu wa mbele, wenzetu wawili wakajenga wa kulia na wa kushoto. Huu wa mashariki," akanitazama, "ni wa Nalwinga."

Wote wakageuka kunitazama. Hata ng'ombe, naapa.

Nikasema haiwezekani, Nalwinga tulichoma matofali yetu mwaka juzi, elfu tatu, nilikuwepo mwenyewe nikiyahesabu. Mzee Danford akasema ni kweli, akaenda kuleta faili, akatoa barua, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kwamba mkutano wa kijiji cha Nalwinga umeazimia kwa kauli moja matofali ya ukuta wa mashariki yatumike kwanza kujenga darasa la elimu ya watu wazima, kwa kuwa ujinga hausubiri. Na kwamba ukuta utajengwa mara moja baada ya hapo. Mwandishi, Mwalimu Jenista.

Mwandiko ni wangu. "Ujinga hausubiri" ni maneno yangu, niliyapenda sana siku ile, nakumbuka watu walipiga makofi. Mara moja baada ya hapo! Sisi wa Nalwinga tumekuwa tukiupita ukumbi ule kwa upande wa barabara miaka miwili, tukiusifia mlango, na hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma kuutazama upande wetu.

"Ujinga hausubiri," Shangazi akarudia. "Maneno mazuri. Basi harusi nayo isisubiri. Tunduma."

Enoka akasema, "Lakini Shangazi, paa ni imara." Hapo ndipo msaada wake ulipoishia.

Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi ya mwisho ya Julai.

"Watu wote wako shambani wanavuna. Utajenga kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

Akaishika, akaigeuza. Ina chaki kwenye kucha. Akaiachia.

"Haya, mkamwana. Tarehe thelathini na moja nitakuja nikae humu ndani nusu saa. Upepo ukinigusa, Tunduma, na sitaki kusikia neno."

Nikasema hautamgusa. Ndivyo nilivyosema, nilitamka kila herufi.

Jumapili, 6 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Ukuta una urefu wa hatua ishirini, unene wa matofali mawili. Elfu tatu kamili. Siku hamsini na tano.

Bibi ameniuliza ukumbi ukoje. Nimesema una hewa nzuri.

Jumanne, 8 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Barnaba, amesema ukuta ni deni la aibu na kila mtu ajitolee. Kila mtu amekubali. Nikauliza nani atakuja kesho. Wote wana mahindi.

Alhamisi, 10 Juni

Leo nimepata akili. Wanafunzi wangu wa watu wazima wanakuja darasani kila alasiri hata wakati wa mavuno, kwa sababu wamekwisha kuonja kusoma na hawataki kuachwa. Madaftari yameisha, chaki imebaki nusu boksi. Basi nimehamishia darasa kwenye shimo la udongo kule mtoni. Kila mtu afyatue matofali kumi, kisha aandike juu yake kwa kijiti somo la siku hiyo, na jina lake. Udongo mbichi unaandikika kuliko ubao, na ukikosea unafuta kwa kidole.

Mama Fides, mwepesi wa ulimi kuliko wote, akauliza, "Mwalimu, huku ni kusoma au ni kukujengea harusi?"

Nikamjibu ni vyote viwili. Wakacheka, wakavua kanga za mabega, wakaingia kwenye tope. Nawapenda watu hawa.

Jumanne, 15 Juni

Matofali mia tano na arobaini! Upepo unayakausha haraka. Mama Fides ameandika jina lake, la mumewe, na la mbuzi.

Jumatano, 16 Juni

Fundi Lusungu, atakayejenga ukuta, amekuja kuyakagua. Ni mtu wa maneno machache na kipimo cha maji anachokibeba kama mtoto mchanga. Ameangalia safu zetu, akauliza kwa nini tumeandika mgongoni.

"Mgongoni mwa nini?"

"Mwa tofali. Huku juu ndiko ninakopaka tope nikilaza lingine. Haya yote yatalala gizani."

Mia tano na arobaini, na hakuna jina hata moja litakaloonekana. Mzee Enosi, aliyetumia siku tatu kuandika jina la marehemu mkewe, akakaa chini. Mimi mwalimu ndiye niliyewaambia waandike hapo, na sikuwaza hata dakika moja jinsi tofali linavyokaa ukutani. Nimewaomba radhi wote. Si jambo ninalolizoea, na ninaona halijaniua.

Tangu leo tunafyatua siku ya kwanza, tunasimamisha kwa ubavu siku ya pili, ndipo tunaandika ubavuni.

Jumatano, 23 Juni

Enoka amekuja kwa baiskeli kutoka mjini, amefyatua matofali sitini. Jioni amekula kwa Bibi.

"Mume wangu huyu anajua kufanya kazi," Bibi akasema. "Mke mwenzangu, umpe nyama."

Nimempa nyama.

Ijumaa, 2 Julai

Elfu moja mia saba. Baridi kali. Bibi haji tena darasani kwa kuwa darasa liko mtoni, anashinda ndani na kikohozi chake. Naondoka amelala, narudi amelala. Nafanya haya yote kwa ajili yake na simwoni.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Hotuba, ngoma, hakuna tofali hata moja.

Ijumaa, 9 Julai

Bibi anaumwa. Jana usiku homa ilipanda, asubuhi hakunitambua. Aliniita kwa jina la mama yangu.

Mganga wa zahanati amekuja kwa miguu, amesikiliza kifua, amemchoma sindano, amesema apate joto na asipigwe na upepo kabisa, hata kidogo. Akasema mara mbili. Nimeziba madirisha kwa magunia.

Nimekaa kando ya kitanda nimewaza mambo ambayo sitaki kuyaandika, nayaandika. Nimewaza kwamba nitakuwa na ukuta na sitakuwa na Bibi. Nimewaza kwamba ukumbi ule ulikuwa ni majivuno yangu tu, na Bibi nimemfanya kisingizio. Halafu nikawaza hapana. Namtaka aketi pale anione, atoe vigelegele vyake vile vya sauti ya kukwaruza, basi. Hilo si majivuno.

Jumapili, 11 Julai

Jana mchana lori la Bwana Seleman lilisimama mlangoni, akateremka Shangazi Marita na kapu. Enoka alikuwa amempa habari. Nikajua amekuja kuniambia Tunduma.

Badala yake akavua viatu vyake vya kufunga, akabandika sufuria, akachemsha majani ya mkaratusi, akamfunika Bibi blanketi pamoja na sufuria mpaka ukasikia kikohozi kinalainika humo ndani. Usiku akanifukuza nikalale. Asubuhi hii nilipoamka nikamkuta anamwosha Bibi miguu, wanasengenya watu wa Nakonde ambao wote wawili wanawajua. Bibi anacheka! Sauti ni ndogo, lakini ni yake.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamshukuru. Nikamwambia pia, maana siwezi kunyamaza, kwamba sikudhani ana moyo huu.

"Wewe unadhani mengi," akasema. Akasugua sufuria muda mrefu. "Mimi sina mtoto, Jenista. Miaka ishirini Tunduma nimepika kwenye harusi za wenzangu. Nimebeba masufuria, nimekaribisha wageni wa watu, mwenye shughuli akiwa mwingine. Nilisema ya Enoka itakuwa kwangu. Nitasimama mlangoni mwangu niseme karibuni. Siku moja tu."

Mwezi mzima nimekuwa nikimwita kasoro humu daftarini.

Jumatatu, 12 Julai

Shangazi ameondoka na lori la mchana. Bibi amekunywa uji bakuli zima. Nimekuta vipande vya tope kitandani kwa Bibi, na kwenye kanga ya Shangazi aliyoiacha kwenye kamba kuna alama ya udongo mbichi yenye pembe nne. Nimemuuliza Bibi, akasema nimfunike.

Jumamosi, 17 Julai

Elfu mbili mia tatu. Muda umekwisha, tumepanga tanuri, tumelikandika tope, tumewasha. Wanaume wamepeana zamu za kuchochea kuni. Upepo hautulii.

Alhamisi, 22 Julai

Tumefungua tanuri. Upepo uliusukuma moto wote upande mmoja. Upande wa magharibi matofali yameiva, mekundu, ukiyagonga yanalia. Upande wa mashariki ni mabichi, yanamomonyoka mkononi. Yaliyo mazima ni elfu moja na mia moja.

Elfu moja na mia moja! Mzee Barnaba amesema tuchome tena, lakini kukata kuni tu ni wiki mbili. Nimepiga hesabu mara nne kwa matumaini kwamba nilikosea.

Nimemwambia Fundi Lusungu aanze kesho na yaliyopo.

Ijumaa, 30 Julai

Kozi nane, yaani safu nane za matofali, basi. Ukuta umefika juu kidogo ya kiuno changu. Umenyooka, ni mzuri, na umejaa majina, ingawa mengine yamesimama kwa kichwa. Nilipomuuliza, Fundi akasema tofali halina juu wala chini. Nimemwacha.

Upepo unapita juu ya ukuta huo kama hauoni kitu. Kesho Shangazi anakuja. Nitamwambia ukweli, nitamshika mkono, nitasema Tunduma. Halafu nitarudi kumwambia Bibi.

Jumamosi, 31 Julai

Amekuja saa nne, na viatu vile vile. Mzee Danford kafungua kufuli. Safari hii ufunguo ulikuwepo.

Akatembea urefu wote wa ukuta akiukagua tofali kwa tofali, nikashangaa anatafuta nini. Akaomba kiti. Enoka akaleta kiti cha ofisi ya kijiji, akakaa. Upepo ukaja, ukachukua kilemba chake kichwani, ukakitupa mpaka mlangoni.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema Tunduma.

"Kiti hiki ni kirefu," Shangazi akasema. "Hamna kigoda?"

Mzee Danford akakimbia kwake akaleta kigoda cha kusongea ugali. Shangazi akakisogeza mpaka karibu kabisa na ukuta, akakaa, akakunja miguu, akainamisha shingo kidogo. Kichwa chake kilikuwa sawa na kozi ya nane. Upepo ukapita juu.

Hana saa, lakini alikaa nusu saa, naamini hata zaidi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Haujanigusa," akasema akiinuka, akijipangusa vumbi. "Waalikwa watakaa kwenye mikeka. Atakayetaka kusimama apigwe na baridi yake."

Nikamshika mikono. Nikamwambia ukumbi ni wa vijiji vinne, lakini siku ile mlango utakuwa wake. Nikamgeukia Mzee Danford, nikamwomba ufunguo.

"Ufunguo ni mali ya..." akaanza.

"Mzee," nikasema.

Akautoa.

Jumamosi, 7 Agosti

Kutwanga, kupepeta, kukoka, kuosha. Sina nafasi ya kuandika.

Jumapili, 15 Agosti

Nimeolewa.

Tulitoka kanisani saa sita. Enoka mwenyewe, na suti yake, alimsukuma Bibi kwenye baiskeli mpaka Njiapanda, blanketi mbili na skafu tatu, Bibi akiwaambia wote tuliokutana nao njiani kwamba mumewe ameoa mke wa pili lakini bado anamjali mkubwa. Mlangoni pa ukumbi alisimama Shangazi Marita, ufunguo shingoni kwenye utepe mwekundu. Alifungua kufuli mbele ya watu mia tatu, akasukuma mbao zote mbili, akasema, "Karibuni. Karibuni kwangu." Aliwakaribisha mmoja mmoja, wa vijiji vinne na wa Nakonde, sauti ikamkauka, hakukubali kupokewa zamu.

Wote walikaa mikekani, wazee karibu na ukuta. Kigoda cha Bibi Shangazi alikwisha kukiweka tayari, pale pale alipokalia yeye siku ile. Bibi alipewa chai, akawa anapapasa ukuta kwa kiganja kama anavyopapasa unga kuona umelainika. Nilikuwa hatua chache, nimekaa na Enoka, tunalishana keki. Nikasikia sauti yake.

"Nani ameliweka jina langu miguu juu?"

Watu wakageuka. Bibi alikuwa ameinama, kidole kiko kwenye tofali moja la kozi ya tano. Nikainuka na gauni langu, nikaenda nikachuchumaa. Ilibidi nigeuze kichwa ili nisome. Herufi zilikuwa kubwa, zimekwaruzwa kwa kitu butu, labda kijiko: NAMBEYE.

"Nani alikuandikia, Bibi?"

"Kuniandikia!" Akanitazama kwa dharau niliyoirithi. "Miaka miwili nimekaa mlangoni mwako. Ulidhani nachunga mbuzi?"

Nikamtazama Shangazi Marita. Alikuwa anatazama mabati ya paa kwa makini sana, kama anayetafuta palipovuja.

Bibi akamwita Fundi Lusungu. Fundi akaja na kofia mkononi, akatazama tofali, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alama zile aliziona kama mapambo. Kuzisoma hajui. Hakuna aliyecheka. Akasema atalichomoa sasa hivi, aligeuze, ana patasi kwenye baiskeli.

"Liache," Bibi akasema, akaegemeza mgongo wake juu ya jina. "Nimelisoma hivyo hivyo."

Kisha akapiga vigelegele, vile vya kukwaruza, na hakukohoa.

Jumatatu, 16 Agosti

Alasiri darasa limefunguliwa tena, ndani. Bibi amekaa mbele na ubao wake mapajani. Mlangoni, pale alipokuwa anakaa yeye, leo amekaa Fundi Lusungu. Amesema amekuja kuota joto la watu.